Simu, betri na mawasiliano mlimani Rwenzori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaokuja Kasese kupanda Rwenzori, wawe wametoka Kampala, Bunia, Nakuru au Mwanza, huuliza mambo yale yale kabla hata hawajauliza bei ya kukodi gambuti. Mtandao upo? Betri itakaa? Nikikwama nitampigia nani? Majibu yako hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha wengi wetu kambini, na kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Alaska na Norway, ambako baridi ni kavu. Ya kwetu imelowa, na maji huharibu vifaa kuliko baridi yenyewe; ushauri wa baridi kavu ukiufuata hapa neno kwa neno utaharibikiwa.

Uganda iko kwenye ikweta. Baridi gani hiyo ya kumaliza betri?

Ikweta haina la kufanya ukishafika juu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na barafu bado ipo, ingawa imebaki kipande kidogo tu cha ile aliyoikuta Mtawala (Duke) wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni mwaka 1906. Kambi ya Elena, wanakolala wengi usiku wa kuamkia kilele, iko mita 4,541. Usiku hapo hushuka chini ya nyuzi 0, na asubuhi unaweza kukuta maji ya chupa yameganda ukingoni.

Tofauti na nchi za kaskazini ni kwamba hatuna miezi ya baridi ya kusubiri ipite. Adhuhuri jua linakuchoma shingo, saa mbili usiku unatetemeka, na mzunguko huo unarudi kila siku ya safari. Misimu yenye nafuu ya mvua ni Desemba hadi Februari, kisha Juni hadi Agosti. Nimesema nafuu. Sijasema ukavu.

Mtandao unafika mpaka wapi?

Kasese mjini hakuna shida, MTN na Airtel zote zipo. Nyakalengija na Kilembe, zinakoanzia njia mbili kuu, bado utaongea. Kuanzia hapo ni suala la simu na mnara kuonana. Minara iko chini upande wa tambarare, na mawimbi ya simu hayakati kona za milima. Ukiwa kwenye mgongo unaotazama Kasese unaweza kudaka vistari viwili. Ukiteremka ng'ambo ndani ya bonde la Bujuku, unaweza kuizima tu.

Usipoteze nguvu kuzunguka na simu hewani. Waulize wapagazi. Hawa ni Bakonzo wa pale pale, wanapita njia hiyo mwaka mzima, na wanajua jiwe lipi lina mtandao na lipi halina. Utamkuta mmoja amesimama juu ya jiwe lenye kuvu, mguu mmoja hewani, katochi, ile simu ndogo ya vitufe, imebanwa sikioni, anaulizia bei ya kahawa nyumbani. Simama alipo yeye.

Beba laini mbili, za kampuni mbili tofauti, kwa kuwa minara yao haiko sehemu moja. Zisajiliwe mapema kwa kitambulisho au pasipoti, maana langoni pa hifadhi hakuna wa kukusajilia.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu ya Mlima Stanley penyewe, wenye kilele cha Margherita. Huko juu simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili na kuanza kula salio kwa bei ya ugenini. Zima huduma ya kutumia mtandao wa nje (roaming) kabla hujaondoka Kasese.

Situmii simu kabisa, mbona chaji inaisha kwa siku moja?

Kwa sababu yenyewe inafanya kazi. Simu isiyoona mnara hupandisha nguvu za kutafuta, inatafuta tena, na tena, usiku kucha. Iweke hali ya ndege tangu unapopoteza mtandao, ifungue mara moja kwa siku mahali ulipoambiwa pana mtandao, tuma ujumbe, funga. Ukifanya hivyo simu ya kawaida hufika siku tatu au nne, hata kama unapiga picha kiasi. Punguza mwanga wa kioo. Zima bluetooth. Na kama una programu ya VPN kwa sababu ya Facebook, ambayo ilifungwa Uganda Januari 2021, izime hiyo pia, inakula betri bila kukusaidia chochote juu ya barafu.

Simu ilizimika ghafla ikiwa na asilimia 30. Imekufa?

Hapana, imeganda. Ndani ya betri ya lithiamu umeme hupita kwenye majimaji, na baridi huyafanya mazito. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Unafungua kamera, simu inadai nguvu nyingi kwa mkupuo, volti inaporomoka, na simu inajizima ili kujilinda.

Usiiwashe tena na tena. Itie ndani ya nguo, karibu na ngozi, nusu saa hivi, kisha iwashe. Mara nyingi utakuta ile asilimia 30 iko pale pale, au imepungua kidogo. Usiiweke karibu na jiko wala juu ya sufuria ya chai. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kioo kilichokuwa baridi kikipata moto wa ghafla kinaweza kupasuka.

Naweza kuchaji kwa pawabenki usiku nikiwa kambini?

Unaweza, kwa sharti moja: simu na pawabenki zote ziwe ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, na ziwe zimepata joto kwanza. Kutumia betri ya lithiamu kwenye baridi kunaipunguzia nguvu kwa muda tu. Kuichaji chini ya nyuzi 0 kunaiharibu moja kwa moja: lithiamu hujipaka kama chuma juu ya sehemu isiyotakiwa, uwezo unapungua na haurudi, na ikizidi inaweza kuleta shoti ndani. Simu nzuri hukataa zenyewe kuchaji zikiwa baridi mno. Pawabenki za bei ya mtaani nyingi hazina ulinzi huo, zinapokea tu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Ukifika kambini, kabla ya chai, pawabenki na simu ziingie kifuani. Ukishakula na kuingia ndani ya begi, zimepata joto la mwili. Unganisha waya hapo. Ikijaa, chomoa. Usilale simu ikichaji chini ya mgongo wako.

Ninunue pawabenki ya ukubwa gani?

Ya mAh 20,000 inatosha mtu mmoja kwa safari ya wiki. Usidanganywe na hesabu ya kugawa 20,000 kwa 5,000 za betri ya simu ukapata mara nne. Namba ya kwenye ganda ni ya volti 3.7 za ndani. Umeme ukipandishwa kwenda volti 5 na kupita kwenye waya, unapoteza sehemu nzuri. Kinachoingia kwenye simu ni kama mAh 12,000 au 13,000, yaani mara mbili na nusu, na baridi itachukua kidogo yake. Kama kuna kamera, saa ya GPS na tochi ya kuchaji, beba mbili za namna hiyo badala ya moja kubwa. Moja ikilowa, hujabaki mikono mitupu.

Wanaoingia kwa ndege Entebbe wakumbuke kwamba pawabenki hubebwa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100. Ya mAh 20,000 ni saa-wati 74, inapita. Zile za mAh 30,000 zinapita kikomo, na ofisa akiwa na siku mbaya utaiacha pale.

Chaji kila kitu Kasese, na uchaji mapema. Soketi za Uganda ni za pini tatu za mraba, volti 240. Umeme unaweza kukatika jioni ile ile uliyopanga kujaza vitu vyako, kwa hiyo usisubiri usiku wa mwisho.

Na paneli ya sola?

Iache nyumbani. Mawingu ya Rwenzori yatakuchekesha. Ile paneli ya kuning'iniza mgongoni kwenye begi inafaa Karamoja, kwenye jua na ukavu.

Betri za tochi ya kichwani je?

Hapa usibane matumizi. Safari ya kilele huanza saa nane au saa tisa usiku, kwenye mwamba uliolowa na kisha barafu. Betri za kawaida za alkali zinadhoofika vibaya kwenye baridi, zinakupa mwanga wa manjano pale unapohitaji kuona mguu unakanyaga wapi. Zile za lithiamu za kutupa, za saizi AA au AAA, hufanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri na ni nyepesi. Ghali, ndiyo. Zinunue Kampala, kwa sababu maduka ya huku hayana uhakika nazo. Tochi ya kuchaji kwa waya si mbaya, mradi ilale nawe kama simu.

Unasema maji ni mabaya kuliko baridi. Kwa nini?

Kwa sababu baridi unaweza kuiondoa kwa joto la mwili wako, lakini kitu kilicholowa Rwenzori hakikauki. Hakuna mahali pa kukianika. Mvua inatoka juu, tope la kinamasi cha Bigo linatoka chini, ukungu uko kati, na ndani ya nguo kuna jasho lako. Watu wanaohifadhi simu mfuko wa ndani wa koti, wakidhani wameiokoa, hufika kambini wakaikuta imelowa na jasho la saa sita za kupanda.

Kila kifaa kiwe na mfuko wake wa zipu, ule mnene wa kuhifadhia chakula, hata kama kinakaa mfuko wa ndani. Halafu mifuko hiyo iingie ndani ya mfuko mkubwa usiopitisha maji, wa kukunja mdomo mara tatu. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, nyepesi ya dukani itachanika ukikaa juu yake mara moja. Funika tundu la chaja kwa kipande cha utepe. Beba mifuko ya zipu ya akiba, maana tope likiingia kwenye reli ya zipu haifungi tena.

Kuhusu maandishi ya IP68, ya kinga ya vumbi na maji, kwenye boksi la simu: yalipimwa kwa simu mpya, ndani ya maji safi yaliyotulia. Kama kioo chako kilishabadilishwa kwa fundi, gundi ya kuzuia maji ilishafunguliwa na hujui ilirudishwa vipi. Ichukulie simu hiyo kuwa haina kinga yoyote.

Jioni, mambo huenda hivi kwa anayejua kazi. Anafuta simu kwa kitambaa kilichokuwa ndani ya mfuko mkavu, si kwa fulana aliyoivaa. Anapuliza tundu la chaja na kuligonga taratibu kwenye kiganja, tundu likitazama chini. Anaiweka kwenye mfuko wa zipu mpya pamoja na soksi kavu, anatoa hewa, anafunga. Ndipo inaingia kifuani. Dakika mbili hazifiki. Anayeruka hatua hizi siku ya kwanza huwa anaazima simu siku ya nne.

Kioo chenye matone nacho kitabonyeza mambo chenyewe. Watu wamewahi kupigia wakubwa wao wa kazi kutoka mfukoni. Funga kioo kwa namba ya siri.

Kamera yangu ina ukungu ndani ya lenzi. Nifanyeje?

Ukungu huo umeingia ulipotoka nje kwenye baridi ukaingia kibanda kilichojaa watu, nguo mbichi na mvuke wa sufuria. Hewa ya joto iliyobeba unyevu ikikutana na kioo baridi, maji hujitenga. Dawa ni kuifunga kamera ndani ya mfuko wa zipu ukiwa bado nje, kisha uiingize, na usiufungue mfuko mpaka kamera ifikie joto la chumba, kama saa moja. Maji yatatua nje ya mfuko. Kama ukungu umeshaingia, toa betri na kadi, iache wazi ndani ya mfuko wenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usiitumie kwanza, vumilia.

Vittorio Sella, aliyeambatana na msafara ule wa Abruzzi wa mwaka 1906, alipiga picha za milima hii kwa kamera za sahani za kioo, bila betri hata moja. Picha zake bado zinatumika kulinganisha barafu ya zamani na ya sasa.

GPS inahitaji bando?

Haihitaji. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure, hata ikiwa hali ya ndege na haina laini. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Pakua ramani ya Uganda magharibi ukiwa na mtandao, kwa programu ya OsmAnd au Organic Maps, kisha uizime data na uifungue ili uhakikishe kweli imeingia. Pakua na upande wa Kongo, kwa kuwa ramani nyingi hukatwa mpakani na mpaka uko kileleni.

Usitembee kioo kikiwa wazi. Ifungue kwenye njia panda, angalia, funga. Na ukweli ni kwamba Rwenzori huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, naye hahitaji ramani yako. GPS ni kwa ajili ya siku ambayo ukungu umewatenganisha, au ya kumpa mtu aliye chini namba kamili za mahali mlipo.

Je, ninunue kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti?

Kama unapanda mara moja tu na kampuni yenye watu wazoefu, uliza kwanza kama wao wanacho. Wengine wanabeba, na kukodi ni rahisi kuliko kununua. Kama unapanda milima mara kwa mara, au una familia isiyolala usingizi, ni fedha iliyotumika vizuri.

La kuangalia kabla ya rangi na bei ni mtandao wa setilaiti kinaoutumia. Garmin inReach hutumia Iridium, yenye setilaiti 66 zinazozunguka karibu na dunia na kupita juu ya kila mahali, Rwenzori ikiwemo. Vifaa vinavyotumia Globalstar vina pengo kubwa katikati ya Afrika; tazama ramani yao ya huduma kabla hujampa rafiki aliyeko Marekani pesa akununulie. Kinachosifiwa sana huko kinaweza kuwa jiwe la kubeba tu huku.

Pili, kifaa bila malipo ya mwezi hakitumi chochote. Washa huduma wiki moja kabla, tuma ujumbe wa majaribio ukiwa uwanjani nyumbani, mwombe dada yako aujibu. Wengi hukifungua boksi mara ya kwanza wakiwa Nyabitaba, kambi ya kwanza.

Tatu, kinahitaji kuona anga. Ndani ya msitu wa mianzi, au chini ya ukuta wa mwamba, ujumbe unaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Kining'inize juu ya begi, si ndani yake. Andika kifupi, kama SMS za zamani za herufi 160, na uweke neno la muhimu mwanzoni.

Nne, fahamu kitufe cha SOS kinampigia nani. Cha Garmin kinaita kituo kilichoko Texas. Hao wataanza kutafuta nani wa kumpigia Uganda, na watatumia namba ulizojaza wewe ulipojisajili. Kama ulijaza namba ya binamu yako aliyeko Dubai, ndiye atakayeamshwa. Jaza namba ya ofisi ya kampuni iliyokupandisha na ya mtu aliyeko Kasese au Kampala.

iPhone yangu mpya ina SOS ya setilaiti. Si inatosha?

Huduma hiyo ya Apple hufanya kazi katika nchi walizoziorodhesha, na Uganda haimo. Usiitegemee.

Simu ya setilaiti, redio za upepo, droni: naruhusiwa?

Vifaa vya mawasiliano ya redio viko chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Kabla ya kuingia na simu ya setilaiti au redio zako mwenyewe, waandikie au mwombe mwenyeji wako aulize. Droni inahitaji vibali, vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na usijaribu kuirusha kimyakimya. Hii ni hifadhi ya mpakani. Ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF, na askari wa eneo hili hawachukulii kwa mzaha mtu mwenye antena au kitu kinachoruka. Droni yako itachukuliwa, na siku yako itaishia ofisini ukiandika maelezo.

Nikiumia, nani atakuja?

Walio karibu nawe. Usiwaze helikopta kama ya kwenye filamu. Mawingu hukaa juu ya mabonde haya siku nzima, na mahali pa kutua ni pachache. Mgonjwa hushushwa kwa machela na mabega ya wapagazi, kwa zamu, kupitia njia ile ile ya tope. Kutoka Elena hilo si jambo la masaa machache.

Kwa hiyo mawasiliano yenye faida zaidi ni yale ya kuomba watu wa ziada wapande kuwapokea, na gari lisubiri chini. Waulize waongozaji kabla ya safari: mna redio? inafika wapi? nani anaipokea usiku? Jibu likiwa la kubabaika, tafuta msafara mwingine. Namba za dharura za polisi Uganda ni 999 na 112, lakini bila mtandao hazikusaidii, na ukipata mtandao, kwanza mpigie aliyeko langoni.

Jambo moja halisubiri mtandao: ugonjwa unaoletwa na mwinuko. Kichwa kikiuma sana, ukatapika, ukaanza kuyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa, unateremka sasa hivi. Watu hupoteza saa za mchana wakizunguka kutafuta mtandao wampigie daktari, na daktari angewaambia hilo hilo.

Mama hatalala nikinyamaza siku saba. Nimwambie nini?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo. Vurugu nyingi si za mlimani, ni za nyumbani: mtu kanyamaza siku mbili, mjomba anapiga polisi, shangazi anaweka picha kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na yeye yuko kambi ya John Matte anakunywa supu.

Tuma ujumbe mmoja kabla hujaingia, kwa SMS, si WhatsApp, ili ubaki hata mtu akiwa hana bando. Kitu kama hiki:

"Mama, habari za nyumbani. Kesho Jumatatu tunaingia mlimani kupitia Nyakalengija. Huko ndani hakuna mtandao, kwa hiyo nikiwa kimya jua niko salama. Tunatoka Jumapili jioni. Nisipopiga mpaka Jumatatu saa sita mchana, mpigie mwongozaji wetu, namba yake ni hii. Kabla ya hapo usipige popote. Kaka anayo karatasi yenye njia yote."

Angalia kilichomo. Kimya kimepewa maana kabla hakijatokea. Kuna siku na saa ya kuanza kuhangaika, na imeachiwa nafasi, kwa sababu mvua hukawiza misafara. Kuna mtu mmoja wa kupigiwa. Usiahidi kupiga kila jioni, hata kama una kifaa cha setilaiti. Siku ambayo betri itakwisha au bonde litaziba, ahadi hiyo ndiyo itakayowatisha.

Simu huvuta radi?

Haivuti. Simu ya mkononi haina waya uliounganishwa na kitu, na ni ndogo mno kubadilisha njia ya radi. Hatari ni mahali uliposimama: mgongo wa mlima, mti wa peke yake, mwamba uliochomoza. Uganda tunazijua radi. Mwaka 2011 ziliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Ukisikia ngurumo, shuka kutoka mgongoni, tupa mbali fimbo za chuma na shoka la barafu. Simu inayochajiwa kwenye soketi ya ukutani ni habari nyingine, hiyo chomoa.

Naweza kuja na laptop?

Sioni kwa nini, ila kuna wanaofanya kazi za picha. Kama ina diski ya kuzunguka, usiiwashe huko juu. Kichwa cha kusomea huelea juu ya diski kwa msaada wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi kinaweza kuigusa. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na mita 3,000, yaani chini ya kambi ya pili. Diski zisizozunguka hazina tatizo hilo.

Bakshishi nitatuma kwa simu?

Lete shilingi taslimu, noti ndogo, ndani ya mfuko wa zipu. Pesa za simu utatuma ukishafika chini.

Nikienda nchi zenye theluji kabisa, ushauri ni huo huo?

Wa betri, ndiyo. Wa maji unapungua, kwa sababu theluji kavu unaikung'uta tu. Linaloongezeka ni hatari ya maporomoko ya theluji. Kwenye milima hiyo watu huvaa kifaa cha kutafutana kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457, na simu hukivuruga: iwe umbali wa sentimita 20 muda wote, na 50 wakati wa kumtafuta aliyefukiwa. Rwenzori hutakihitaji.

Nimefika chini, simu imelowa na haiwaki. Niitie kwenye mchele?

Hapana. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Izime kabisa kama bado inaonyesha uhai. Toa laini na kisahani chake. Ikung'ute tundu likitazama chini, ipanguse, iweke mbele ya feni au penye upepo wa kivuli, si juani wala juu ya kikaango. Kama iliingia maji ya tope, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti mapema, kwa sababu kinachoua ubao ni kutu inayofuata, si maji yenyewe. Chaja usiiguse mpaka kesho kutwa.